Sahihi ya Kwanza ni ya Mama Pacha

Shoga, uko?

Mwenye nyumba amenipa barua sasa hivi. Wapangaji wote wametia sahihi nihame, eti mimi nesi wa wodi ya korona nitawaletea ugonjwa.

Sahihi ya kwanza ni ya Mama Pacha!! Huyu huyu wa mlango wa pili!

Wiki iliyopita homa ilipompanda mwanawe, nani alikesha naye akimkanda? Si mimi?

Nimemfuata. Mlango hakufungua, kaongea nami dirishani, kavaa barakoa niliyompa mimi mwenyewe.

"Usinifikirie vibaya, dada. Nina watoto."

Watoto! Nikamuuliza, "Kwani wiki iliyopita hukuwa nao?"

Nageuka niondoke, akaniita. Nikadhani anataka kuomba radhi. Unajua kasema nini?

"Homa ikimrudia mtoto, naweza kukupigia?"

Kukupigia! Baada ya barua ile!

Nilisimama pale kama nimezabwa kofi. Halafu, usinitukane shoga, nikamjibu, "Nipigie."

Sasa nafunga vyombo huku nalia. Nimekasirika mpaka kifua kinauma, na simu sijaizima, huenda akapiga.