Binti Yangu Aliona Haya Kushuka Msata

Bi Sihaba, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijapasuka.

Binti yangu Jasmin ana miaka kumi na saba, kafaulu vizuri na kachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni huko Tanga, basi wiki iliyopita alikuwa Lugoba kwa mama yake mdogo, nikamwambia panda basi la Tanga, shuka Msata, hapo utapata gari la kuja Bagamoyo, kazi nyepesi kabisa, lakini basi likasimama Msata wenzake wakashuka, yeye yuko dirishani, mwanamume wa pembeni kalala, akaona haya kumwamsha, akaona haya kumwita konda, gari likaondoka naye kimya mpaka Mkata! Tulimkuta jioni kwa mama lishe mmoja, kalia mpaka macho yamevimba.

Nikamuuliza, "Huna mdomo?"

Akanijibu, "Si wewe mama uliyesema msichana wa heshima hapazi sauti mbele za wanaume?"

Nilichoka. Huyu mtoto hata dukani naenda naye, hata mwalimu alipomuuliza anataka kusomea nini ikabidi nimjibie mimi, uuguzi. Sasa baba yake, Mbaruku, kasema bweni haendi, aliyeshindwa kushuka basi ataishije ugenini? Nimfanyeje bubu huyu?

Mama Jasmin, Bagamoyo

*

Marahaba, Mama Jasmin. Pole kwa hofu ya siku ile. Pole yangu inaishia hapo.

"Ikabidi nimjibie." Nani alikubidisha? Mwalimu alimuuliza mwenye masomo yake! Umemsemea tangu azaliwe, ukamwambia sauti yake ni aibu, kisha unampakia basi na kutaka apige kelele kama mpiga debe. Na huo uuguzi, umewahi kumuuliza kama anautaka?

Tena humsikii. Pale Mkata, machozi yakimtoka na wewe unawaka, alikwambia ukweli usoni. Bubu hasemi vile. Mdomo anao, anachoogopa ni kuvunja neno lako.

Heshima ni pambo, sikatai, lakini haimzuii mtu kusema, "Samahani kaka, naomba nipite." Mwambie ulikosea kumfundisha vingine. Kesho mtume sokoni peke yake. Akipunjwa, arudi mwenyewe kudai haki yake. Mgeni akimuuliza jambo, wewe uma ulimi. Kisha nendeni Lugoba na kurudi, yeye kiti cha mbele, wewe nyuma kabisa. Akipitiliza kituo, pitilizeni wote.

Kwa Mbaruku usiende kumtetea. Jasmin mwenyewe akae mbele ya baba yake, aeleze kwa nini anataka kusoma. Atatetemeka. Mwache atetemeke mpaka amalize. Wewe kaa jikoni, na ukisikia kimya kirefu, usitoke.