Mvuke Uliokuwa Ukipotea Njiani

Mlandege, Iringa
Agosti 10

Kwako kaka yangu Iqbal,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, wifi yangu Batuli na watoto, na mama naye miguu iwe imeacha kumsumbua. Mimi huku sijambo, alhamdulillah, ila mafua ya Iringa unayajua, yakishaingia hayana adabu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimeona niandike kwa sababu mara ya mwisho tulipoongea tulikuwa tunakatana maneno, na mwishowe ukakata simu kabisa. Hapa utanisikiliza mpaka nimalize.

Ulikasirika kwamba sikuja nyumbani Idi. Ukasema kiwanda chenyewe kinakufa, basi nirudi nikushikie hilo duka jipya la vipuri vya pikipiki unalotaka kufungua Mbalizi. Kwamba kiwanda kilikuwa taabani, hukukosea. Mwezi wa tano bosi wetu, Mzee Ashok, alituita wote uani akasema kuni zinammaliza. Boila ilikuwa inakula magogo ya mikaratusi kama haina tumbo, na bado mashine za kupikia nyanya zilikuwa hazipati mvuke wa kutosha. Akasema hana njia ila mbili: akope anunue boila kubwa zaidi, au aondoe zamu ya jioni. Zamu ya jioni ni akina mama wanaochambua nyanya, kaka. Wengi wao ndio wanaolisha nyumba zao.

Mimi nilikuwa na wazo tofauti, maana ufundi wa mitambo niliosomea hapo Mbeya ndio huu. Nikamwambia Mzee Ashok kwamba boila si ndogo, ila mvuke unapotea njiani kabla haujafika kwenye mashine. Aliniangalia kidogo, akaniambia nikamwonyeshe.

Basi mimi na Shedrack, mwendesha boila wetu, tukaanza kuyafuata mabomba tangu boila hadi jikoni zinakopikwa nyanya. Shedrack anasikiliza kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, mimi napima joto kwa kifaa. Tulichokuta kilitusikitisha wote wawili. Bomba kubwa linalokatiza uani lilikuwa tupu, halina hata kipande cha kulifunika, na upepo wa Iringa wa asubuhi unalipuliza upendavyo. Kwenye mabomba kuna vidude vya chuma tunavyoviita trapu, kazi yake ni kutoa maji yaliyopoa na kuuzuia mvuke usitoke nayo. Vingi vilikuwa vimekwama wazi, mvuke mzima mzima unatoka nje. Na yale maji ya moto, ambayo yangerudi kwenye boila yakachemka upesi kwa kuni kidogo, yalikuwa yanamwagwa mtaroni. Mbwa wa mtaa mzima walikuwa wanalala kando ya mtaro ule wakiota joto, na majirani wanakuja na ndoo kuchota maji ya kuogeshea watoto. Tulikuwa tunaupashia moto mtaa kwa kuni za Mzee Ashok.

Tulipomweleza, alikubali tutengeneze. Tatizo likawa ni lini. Kazi hiyo ilitaka boila izimwe, na msimu wa nyanya ulikuwa umeanza, malori ya Ilula yanapanga foleni. Liberatus, meneja wa uzalishaji, alikataa katakata. Sikumlaumu. Yeye ndiye anayesimama na wakulima nyanya zikioza, na hakutaka kucheza na jasho la watu. Mwisho Mzee Ashok akasema kuna Jumamosi ya Idi na Jumapili yake, kiwanda kitakuwa kimefungwa, kama ninaweza kuimaliza humo basi sawa. Sasa umejua kwa nini sikuja kula pilau la mama. Nilisali Idi hapa Mlandege, nikavua baibui, nikavaa ovaroli.

Tulifanya kazi, kaka. Mafundi wa kuchomelea, Shedrack na mimi. Tulibadilisha trapu mbovu, tukalivika bomba la uani pamba ya kuhifadhi joto na bati juu yake, tukatandaza bomba jipya la kuyarudisha maji ya moto kwenye boila. Jumapili jioni nilikuwa na masizi mpaka masikioni, lakini moyo wangu mweupe.

Jumatatu asubuhi tukawasha. Presha ikapanda vizuri, Shedrack akafungua valvu, na mara bomba la uani likaanza kugonga. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu yuko ndani ya chuma anapiga nyundo atoke. Kibati kipya kikatikisika, watu wakakimbia. Shedrack akafunga valvu haraka. Nje malori yamejaa, wakulima wanachungulia getini. Liberatus akanijia, hakupaza sauti hata kidogo.

“Saida, nyanya hizi zina wenyewe, na wenyewe wako pale,” akasema. “Rudisha mambo yalivyokuwa tufanye kazi.”

Nikafikiria kufanya hivyo hivyo alivyosema. Lakini nilijua sauti ile ni ya maji: mvuke ukiyakuta maji yamelala ndani ya bomba huyasukuma kwa kishindo. Nikamwomba anipe muda mpaka lori la kwanza limalize kupimwa. Akatazama geti, akatazama bomba, akakubali.

Tukapita chini ya bomba tukilitazama kwa makini, na Shedrack ndiye aliyeona nguzo moja imedidimia kwenye udongo wa uani, kwa sababu ya uzito mpya tulioubebesha. Bomba lilikuwa limebonyea pale katikati, na maji yote yamejikusanya humo. Kosa la kutozikagua nguzo lilikuwa langu, na nililisema pale pale. Liberatus mwenyewe alileta jeki ya lori. Tukalinyanyua, tukalitegemeza kwa vyuma, tukayatoa maji, kisha nikamwambia Shedrack afungue valvu taratibu, kidogo kidogo.

Kimya, kaka. Mvuke ukapita bila kelele yoyote. Jikoni mashine zote zikachemka kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu niajiriwe. Liberatus akaenda getini kuwaita wakulima waingize malori.

Wiki ile Mzee Ashok alikuwa anakuja kila siku kulitazama rundo la kuni. Zamani katikati ya wiki kuni zilikuwa zimekwisha, tunafagia magome. Safari hii Jumamosi imefika na rundo bado linanizidi kimo. Akalizunguka, akalipigapiga kwa mkono kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, “Boila sinunui. Waambie akina mama wa jioni waendelee na kazi.”

Nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Walipiga vigelegele mpaka wakulima wakadhani kuna harusi. Nilijisikia fahari, kaka, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Waliolalamika ni majirani tu, maana mtaro umepoa. Mzee Ashok amewawekea bomba la maji ya uvuguvugu ukutani, ila mbwa wamehama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita nimepewa ukuu wa mafundi wa kiwanda kizima, na nimekubali bila kukuuliza. Mbalizi sitakuja. Najua nafasi ile uliniwekea kwa mapenzi, na kwamba tangu baba afariki umebeba kila kitu peke yako.

Lakini duka hilo lina mtu wake, nawe unalala naye nyumba moja. Wifi Batuli ndiye anayejua kila kipuri kilichomo dukani kwako Mwanjelwa kwa jina na kwa pikipiki yake. Wateja wakikukuta wewe huuliza yeye yuko wapi. Analitaka duka la Mbalizi, Iqbal. Aliniambia alipokuja kunitazama mwezi wa sita, na ameniruhusu nikuandikie. Nilipomuuliza kwa nini hasemi mwenyewe, alijibu, “Nangoja aniulize.”

Muulize basi, kaka.

Nisalimie mama, umbusu mkono. Wasalimie watoto, na mjomba Abdul mwambie dawa ya kikohozi nitaituma. Mkipata nafasi njooni wote, nitawatembeza kiwandani, mama aweke mkono wake juu ya bati la lile bomba la uani aone lilivyo baridi na mvuke unapita ndani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Saida Ahmadi