Halloween Ndani ya Eda

Jumapili, 1 Oktoba

Siku ya mia moja leo. Nimechora mistari nyuma ya daftari hili kama mfungwa, na sioni aibu kusema hivyo, maana hakuna atakayesoma. Hooyo Fowsia (hooyo ni mama kwa Kisomali chetu), mama yake marehemu mume wangu Najib, hajui kusoma. Yahye, kaka yake Najib, anajua, lakini haingii chumbani kwangu. Hata akipita ukumbini hukohoa mara tatu kwanza.

Miezi minne na siku kumi mjane hatoki. Hapaki hina, hajipulizi manukato, haendi hata sokoni. Nguo nyeupe tu. Siipingi eda. Najib alikuwa mume wangu na nilimpenda. Lori lake la mbuzi lilipinduka mbele ya Isiolo mwezi wa sita, na Julai nzima hakukuwa na haja ya kunikataza kutoka. Nisingetoka hata kwa kuvutwa na kamba.

Lakini sasa ni Oktoba! Machozi yanakuja na kwenda, na katikati hakuna kitu. Dari ina mbao thelathini na moja. Asubuhi kukiwa wazi naona kipande cha mlima juu ya paa la jirani. Halafu wingu linakifunika, na kwangu siku imeisha.

Jumanne, 3 Oktoba

Lynn amepiga simu kutoka Gatitu. Tulisomea famasia pamoja Nyeri — chumba kimoja, sufuria moja. Habari kubwa: duka la dawa anakofanya kazi wanataka mtu wa pili. Mzee Gicheru, mwenye duka, atanishikia nafasi hadi tarehe moja Novemba, saa mbili asubuhi. Zaidi ya hapo hangoji. Na eda yangu inaisha tarehe thelathini! Nimeandika tarehe hiyo kwenye kiganja, nikaifuta kabla ya chai.

Nikamwambia naboeka hadi naongea na mito.

"Ati uko kwa hiyo nyumba since June? Wewe Hibo! Nakutumia vitu. Hii mwezi ni ya Halloween, weka hizo kwa masikio usikie vile utaruka."

Sijawahi kujali Halloween, hiyo sikukuu ya Wazungu ya kutishana kwa mizimu. Ila leo ningesikiliza hata tangazo la sabuni.

Alhamisi, 5 Oktoba

Ya Allah!

Podikasti inaitwa Mlango wa Nyuma. Mtangazaji ni Gikonyo fulani wa Nairobi, sauti kama amemeza changarawe. Anasimulia hadithi moja mwezi mzima, kipande kila siku, hadi siku yenyewe ya Halloween. Bibi mmoja amekufa lakini hataki kuhama nyumba yake. Familia nyingine imehamia. Kila jioni wanasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, na jikoni hakuna moto. Nyuma ya maneno kuna kinanda kinalia polepole, na kitu kama msumari unakwaruza sufuria.

Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Ndipo nikagundua sijaogopa kitu tangu Juni, kwa sababu kibaya chenyewe kilikwisha kutokea. Huu woga nimeuchagua mimi, na nikitaka nauzima kwa kidole. Ni mtamu! Nimesikiliza vipande vyote vitano bila kupumzika.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo ni video. Mbwa amevalishwa miguu minane ya buibui, anakimbiza watu kwenye lifti. Viunzi viwili vya mifupa vinatikisa viuno. Mwanamume kajificha kwenye rundo la majani amshtue mkewe, mkewe akamtwanga na mkoba.

Nilicheka, mdomo ndani ya mto. Halafu nikalia, maana Najib angeirudia hiyo ya mkoba mara kumi. Nikairudia mimi, mara kumi.

Mjane anaruhusiwa kucheka? Sina wa kumuuliza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimekamatwa. Hooyo aliingia baada ya swala ya alasiri, akaniona nimekodoa macho na waya unaning'inia.

"Iko nini kwa masikio?"

Ningesema ni Qur'ani. Lakini kusingizia Qur'ani, hapana, hapo sikuweza. Nikasema ni hadithi. Ya mzimu. Nikangoja moto. Alichukua simu, akaigeuza, akakaa kitandani kwangu.

"Mzimu gani?"

"Bibi aliyekufa, Hooyo. Hataki kutoka nyumbani kwake."

Akafikiri. "Na kwa nini atoke? Nyumba ni yake."

Akasoma Ayatul Kursi yote, aya ya kinga, akapuliza kila pembe ya chumba, akaingiza earphone moja chini ya shungi kwenye sikio lake la kushoto, lile zima. Nyingine akanirudishia.

"Bonyeza."

Jumatano, 11 Oktoba

Muziki ni haramu, Hooyo amesema hivyo maisha yake yote. Leo nikamchokoza: na kinanda cha Gikonyo? Akasikiliza kwa makini, kama anaonja chumvi.

"Hiyo si muziki. Hiyo ni mtu analia."

Basi, imepita.

Jumamosi, 14 Oktoba

Maboga! Nilimwonyesha Hooyo jinsi Wamarekani wanavyoyachonga. Sikutegemea msiba.

"Wanatoa nyama wanatupa? Na mbegu pia? Halafu wanaweka meno?" Akataka nirudishe nyuma tuone kama kuna hata mmoja aliyeokota. Hakuna. Alikasirika mpaka chai ikapoa.

Jioni ameniletea bakuli la boga lililopikwa kwa maziwa ya ngamia. Akakaa akinitazama nikila. Akasema tangu Najib aende, hajakaa na mtu wakacheka. Nikamshika mkono. Nampenda huyu mama. Niliandike wazi, lisije likapotea baadaye.

Jumatano, 18 Oktoba

Stima zilipotea mara tu baada ya magharibi. Nikatoka ukumbini kutafuta mshumaa — nyeupe kuanzia kichwani, simu inawaka chini ya kidevu. Yahye alikuwa anaingia na kidumu cha maziwa. Akapiga ukelele! Mnunuzi wa ng'ombe anayeogopwa soko zima la mifugo! Maziwa chini. Halafu akaegemea ukuta akicheka, samahani shemeji, samahani.

Anacheka kama Najib. Ile kwikwi ya mwishoni, vilevile.

Nilirudi chumbani nikafunga mlango.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Wanaume wako nyumbani. Mzee Salad, baba mdogo wa Najib, amezungumza na Hooyo uani, chini ya dirisha langu.

Najua desturi yetu. Mume akifa, ndugu yake humwoa mjane, asipotee nje ya ukoo. Yahye ana mke Isiolo, mtu mzuri, ameshanitumia salamu. Kumposa mjane ndani ya eda ni haramu, kwa hiyo hakuna aliyenitamkia neno. Wananiambia kwa macho. Kwa mabakuli ya boga.

Mzee Salad aliuliza, je, msichana akitaka kwenda zake? Hooyo akajibu kwamba mwezi uliopita angesema aende salama. Sasa hawezi. Huyu ndiye aliyemrudisha kwa watu.

Mimi! Nimejifunga mwenyewe kwa waya wa earphone. Ningenuna tu. Mjane wa kununa huachiliwa upesi.

Lynn naye: "Si ungejifanya tu boring? Sasa mathe amekupenda. Umeisha."

Jumatano, 25 Oktoba

Leo nimeamua kumwambia. Nikatoa earphone.

"Hooyo, kuna kazi Gatitu —"

"Ngoja. Bibi ameingia kwa chumba ya mtoto."

Nikangoja. Ile familia sasa imeita watu wa kumfukuza bibi. Hooyo analia machozi ya kweli. "Hana ubaya. Hapendi kula peke yake, ni hiyo tu. Mbona hawaelewi?"

Nikampa leso yangu. Nikairudisha earphone sikioni. Mwoga mimi! Halloween iko kwenye simu, lakini woga wenyewe uko hapa kitandani, una miaka sitini na saba na miguu inauma kwa baridi.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimepanga begi. Cheti cha chuo, koti jeupe la famasia, nguo tatu, picha ya Najib akiwa amembeba mwanambuzi. Limekaa chini ya kitanda. Kila Hooyo akikaa juu yake nahisi linapiga kelele.

Utaratibu naujua tangu madrasa. Bikira akiulizwa, kunyamaza kwake ni kukubali. Mjane hapana. Mjane lazima aseme kwa mdomo wake. Tulikuwa tukicheka nyuma ya vibao vyetu mwalimu akisoma hapo. Jumanne, nimewasikia wakipanga uani, Mzee Salad atakuja mlangoni na mashahidi wawili. Ataniuliza mara tatu.

Yahye alikohoa leo mchana. Akasema kupitia mlango, "Shemeji, sisemi kitu, siku haijafika. Ni vile tu nataka ujue, siku hizi Hooyo analala."

Akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 30 Oktoba

Eda imeisha. Nimeoga, nimevua nyeupe, nimevaa dira, lile gauni langu pana la kijani.

Nilienda getini. Nikasimama barabarani peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Manyunyu, tope, harufu ya mbuzi. Hakuna aliyenizuia. Nilikaa kama dakika tano, halafu nikarudi ndani mwenyewe! Miguu ilinirudisha. Nimejikasirikia hadi nimeshindwa kula.

Ujumbe wa Lynn: kesho saa kumi na moja jioni ataningoja kituo cha petroli. Ati nisimwangushe.

Jumanne, 31 Oktoba

Saa kumi na dakika ishirini. Halloween.

Wako sebuleni. Nasikia vikombe. Hooyo amevaa shungi jipya. Ameingia kwangu, ameketi, amesoma Ayatul Kursi. "Bonyeza. Tusikie kwanza kama watamtoa, ndio nijue." Amekamata mkono wangu wa kushoto kwa nguvu kama mtoto kwa daktari wa meno. Naandika kwa wa kulia, daftari gotini. Anadhani naandika hadithi ya Gikonyo.

Bibi yuko jikoni. Wamewasha taa zote. Kinanda.

Mzee Salad amefika mlangoni. Amekohoa. Ameuliza: Hibo, umemkubali Yahye? Hooyo hakusikia. Sikio zima liko kwa Gikonyo, na lile la mlangoni ndilo zito. Ananibana mkono na kutabasamu, macho yako mbali. Nimesikia mimi tu.

Amengoja. Ameuliza mara ya pili. Shahidi mmoja amesema labda ana haya. Haya gani!

Nimetoa earphone yangu. Nimempa Hooyo.

"Na wewe?"

Nimemwambia amalizie yeye, mimi najua mwisho. Siujui. Sikio lile baya lisikie kidogo, nimemwambia, nimeongeza sauti. Ameachilia mkono wangu ili aingize hiyo ya pili vizuri chini ya shungi. Amefumba macho. Simu iko mapajani mwake. Hiyo nitamwachia.

Zimebaki dakika sita za hadithi.

Vidole vyangu vina alama za vyake, vyote vitano. Nimesimama. Begi nimelivuta kwa mguu, limetoka nusu. Mzee Salad anavuta pumzi ya mara ya tatu na mdomo wangu umekauka lakini uko wazi, uko