Mkono Kwenye Bega la Mama

Nyuma ya soko, mtaa wa Kenya,
Lubumbashi.
Jumanne, tarehe 3 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Edouard,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za huko Liège? Wewe, Chancelvie na watoto mnaendeleaje? Mwezi wa Februari ulisema mgongo unakusumbua. Nadhani umepona, maana mwenye mgongo mbaya hapati nguvu ya kuandika maneno yote yale uliyoyaandika kwenye kundi la familia. Nakuuliza afya kwanza kwa sababu Mama alitulea hivyo. Usidhani nimetulia.

Sisi hapa hatujambo. Baridi imeingia pamoja na vumbi lake, na umeme unakuja na kuondoka upendavyo. Gracia wangu alikuwa na kikohozi, sasa kimekwisha. Mashine yangu, ile unayoiita mbovu, imechapa kadi za ubatizo tangu asubuhi na hakuna aliyelalamika.

Nimechagua karatasi kwa sababu nilikutumia jumbe za sauti kumi na moja ukasikiliza mbili. Séphora, mke wa Adrien, yule mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini anayeniletea karatasi, anakuja huko kwa daktari wa macho. Atakukabidhi bahasha hii mkononi. Barua angalau haipunguzwi njiani.

Ndugu yangu, nina hasira nawe. Nimejaribu kuimeza tangu Machi, haimezeki.

Mama alipofariki nilikuomba kitu kimoja tu. Wewe ndiye uliyempiga picha miaka miwili iliyopita, ulipokuja likizo na ile kamera yako kubwa, pale uani kwetu Katuba. Hatuna picha yake nyingine ya maana. Ile ya kadi ya uchaguzi inamfanya aonekane mtu anayetafutwa na polisi. Nikakuomba faili yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera. Wewe ukanitumia ile uliyokwisha kuiweka mtandaoni, yenye mshumaa kwenye kona, tena ukaipitisha kwenye ujumbe wa simu, ambao huibana picha kila inapopita. Nilikuambia itume kama document, usiitume kama picha. Ukasema ni kitu kimoja.

Nikaifungua. Nukta mia tano na arobaini kwa upana, mia saba na ishirini kwa urefu, basi. Nilikueleza siku ile na nakueleza tena kwa maandishi, usije ukasema hukusikia. Picha yoyote ya mashine ni nukta zilizopangwa. Skrini ya simu ni ndogo, haihitaji nyingi. Karatasi inadai nukta mia tatu kwenye kila inchi. Gawanya mwenyewe, shuleni ulikuwa hodari wa hesabu: picha yako inatosha sentimita nne na nusu kwa sita, kama kiberiti. Bango linasamehe kidogo kwa kuwa linatazamwa kwa mbali, lakini wewe ulitaka bâche, turubai zima la mita mbili. Kwa urefu huo kila nukta inakuwa mraba wa karibu milimita tatu, mkubwa kama punje ya mtama. Unga wa kusonga bukari ya watu wawili ukiuongezea maji ulishe watu ishirini utapata uji, na hakuna atakayekushukuru.

Siku ya pili ukatuma nyingine, kubwa kidogo. Kumbe umepiga picha ya skrini ya simu yako. Saa ilionekana juu ya kitambaa cha Mama, na betri yako ilikuwa asilimia kumi na nne.

Siku ya tatu ukanipigia kwa furaha kwamba rafiki yako huko ameirekebisha na sasa ni mia tatu. Nikaitazama. Rafiki yako alikuwa ameandika 300 kwenye kisanduku, nukta zikabaki zilezile. Ukiandika kilo hamsini kwenye mfuko wa kilo tano, unga hauongezeki. Baya zaidi, alikuwa ameipitisha kwenye programu ya kurembesha sura. Programu ile haikumjua Mama. Palipokosekana nukta ilibuni za kwake. Iliziba mwanya wa meno yake ya mbele, ikafuta kovu la kidevuni alipochomwa na mbabula, lile jiko la makaa, akiwa msichana, ikampa ngozi ya mwanamke wa tangazo la sabuni.

Nilikataa kuichapa. Nikakushauri tuchape ile ya kwanza, ndogo, tuiweke mezani ndani ya fremu, na kwenye bâche tuandike jina lake kwa herufi kubwa, kwani herufi huvutwa bila kuharibika. Ulinijibu mimi yaya wako, dada yako mkubwa, maneno ambayo hadi leo nayasikia:

"Yaya, mi naiona claire kabisa ku telefone. Kama kwako iko mubaya, ni machine yako."

Kisha ukampigia mjomba Kabwe. Mjomba akaja hapa kazini, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaniambia jeneza limetoka kwako, kwa hiyo na bâche itakuwa unavyotaka wewe. Nikafanya kazi nusu siku kurekebisha rangi, maana skrini hupaka kwa mwanga na mashine hupaka kwa wino, na bila kurekebisha uso ungetoka wa kijivu. Halafu nikabonyeza. Nilijua, na nikabonyeza. Miaka kumi na tisa katika kazi hii nimewarudisha wateja nyumbani kwa makosa madogo kuliko hilo, lakini kwa uso wa mama yangu nilinyamaza. Hilo linanichoma kuliko yote uliyoandika.

Wewe hukuwepo, basi nikuambie ilivyokuwa. Bâche tuliitundika ukutani uani, na viti vikapangwa mbele yake. Mama Mukubwa Musonda alifika kutoka kijijini Lukafu mchana, juu ya lori la mahindi, na vumbi hadi kwenye nyusi. Unajua alivyokuwa na Mama, walilelewa kwenye mkeka mmoja. Aliingia akilia. Alipofika mbele ya bâche akaacha kulia. Akaitazama sana, akanigeukia.

"Uyu mwanamuke ni nani? Juu ya nini banamuweka fasi ya mudogo wangu?"

Mjomba Kabwe alichunguza viatu vyake. Mama Mukubwa akachukua kiti chake, akakigeuza, na kwa siku zote za kilio alikaa akiipa bâche mgongo. Wanawake wa Lukafu walipofika mmoja mmoja na kuona alivyokaa, nao wakageuza viti vyao. Wageni wa upande wa kanisa waliingia wakakuta nusu ya matanga inatazama ukuta wa jirani.

Baada ya hapo ndipo ukaandika kwenye kundi la familia, mbele ya watu thelathini na wanane, kwamba mashine ya yaya ndiyo iliyoharibu sura ya Mama, na kwamba huko Ulaya kazi hiyo ingefanywa kwa dakika tano. Ulikuwa unajua ukweli. Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, nami niliuona mwisho wake siku ileile, lakini sikujibu kwa sababu tulikuwa na msiba. Watu wengine walikujibu kwa kuweka vidole gumba. Nimewakariri majina.

Sasa tuje kwenye jiwe, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wiki mbili zilizopita Jean-Claude, mchongaji atakayetengeneza kaburi la Mama, alinijia akiwa na wasiwasi. Akaniambia umempigia moja kwa moja bila kunitaja. Unataka picha ileile ya uwongo ichomwe kwenye kigae cha sentimita sitini, kiwekwe juu ya jiwe kule Lukafu alikozikwa, siku ya kumaliza kilio, tarehe 12 Julai. Bâche tuliikunja, nayo iko chini ya magunia ya mjomba. Kigae hakikunjwi. Jean-Claude mwenyewe hakuficha kwamba jiwe halifutwi:

"Jiwe haina gomme, Mama Chileshe. Nikishachoma, nimechoma."

Edouard, ulifikiri nini? Watoto wa watoto wetu watapiga magoti mbele ya mwanamke ambaye hakuwahi kuishi, watamwambia bibi shikamoo, na Mama atakuwa chini pale bila uso. Mama Mukubwa atageuza tena kiti, safari hii makaburini, na mimi nitakigeuza pamoja naye.

Nikamwomba Jean-Claude asubiri. Nikarudi kwenye picha yako ya kwanza kabisa, ile ya mshumaa, ambayo ni mbaya lakini haisemi uwongo. Niliondoa mshumaa. Nikaingia karibu na macho, mahali ambapo kubanwa kumeacha vigae vidogo vidogo kama sakafu, nikavilainisha kimoja kimoja bila kugusa umbo la macho yenyewe. Mwanya nikauacha. Kovu lilikuwa limebaki nukta sita au saba za rangi iliyokoza, nami sikuzigusa.

Kwenye bega lake la kushoto, ukingoni kabisa mwa picha, kulikuwa na doa la kahawia. Nikadhani ni uchafu wa kubanwa kama mwingine. Nikaanza kulifuta. Nilikuwa nimekwisha kufuta upande mmoja ndipo mkono wangu ukasita. Doa lilikuwa na vidole. Vinne, na kimoja kati yake kilikuwa kifupi kuliko ilivyo desturi.

Unakijua kidole hicho. Ncha yake ilibaki kwenye mashine ya kukatia karatasi mwaka ulipoondoka, na ni wewe uliyenipeleka hospitali kwa pikipiki, ukilia kuliko mimi.

Nikaikumbuka siku yote. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba, hakuweza kusimama peke yake, na wewe ulitaka asimame ili kitenge kipya kionekane. Nilisimama kando yake nikamshika bega asianguke. Ulitupiga picha wote wawili, na Mama alicheka kwa sababu nilimwambia ananiegemea kama gunia. Halafu ukaenda nayo Ulaya ukanikata. Ulimtaka Mama peke yake, mzuri, wa kuwaonyesha rafiki zako. Na ulipokata ulitupa na nukta, zikabaki hizo chache ulizoniletea nizigeuze mita mbili. Miaka tisa nimemwosha, nimemgeuza kitandani, nimembeba kwenda chooni, na kwenye picha yako mimi ni doa.

Nililia, Edouard. Nakuambia waziwazi. Siku ya mazishi sikulia hivyo, siku ya mazishi nilikuwa nahangaika na bâche yako. Kisha nikabonyeza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka vidole vyote vikarudi.

Ndani ya bahasha utaona flashi ndogo nyeusi. Weka humo faili ya kamera, nzima. Usiikate, usiirembe, usimpe rafiki yako, usiipitishe kwenye simu. Mkabidhi Séphora, anarudi huku tarehe 27. Kama faili imepotea, sema imepotea. Vitu hupotea, nitaelewa, nitalia kidogo na nitakusamehe. Usinitumie tu uwongo mwingine.

Jean-Claude atangoja hadi tarehe mosi Julai. Mjomba Kabwe naye amekubali. Nilimwonyesha picha mbili kando kwa kando, akavua kofia bila kuambiwa. Flashi ikirudi na faili, nitamtengenezea Mama kigae cha ukubwa wowote unaoutaka, hata sentimita sitini, na mkono wangu ukibaki au usibaki tutazungumza kama watoto wa mama mmoja. Flashi ikirudi tupu, atachomwa kwa ukubwa wake wa haki: sentimita nne na nusu kwa sita. Mwanya upo, kovu lipo, na vidole viko begani. Kigae kidogo hivyo hakitaonekana kutoka barabarani, najua. Watu watasema watoto wa Mama Lombe ni wabahili. Waseme. Atakayetaka kumwona Mama atainama.

Msalimie sana Chancelvie, umwambie kitenge alichokitaka nimekipata na Séphora anacho. Wabusu watoto. Gracia anakusalimu na anakukumbusha viatu ulivyomwahidi, lakini hiyo ni kesi yake, mimi simo. Mjomba Kabwe anakusalimu. Mama Mukubwa Musonda nilimwambia kwa simu kwamba nakuandikia. Alisema salamu zake atazitoa picha ikifika.

Mungu aliyemtunza Mama akutunze na wewe huko ugenini, akuponye mgongo na kiburi pamoja. Mimi aniondolee hasira hii kabla ya tarehe 12, maana njia ya Lukafu ni ndefu na sitaki kuibeba hadi kule.

Ni mimi yaya wako akupendaye, uliyembakiza vidole vinne,

Chileshe