Zamu Yako ya Kunyamaza, Mama

Mama Verla,

Miche ya nyanya itoeni nje jua likipanda, jioni irudi ndani, baridi bado haijaisha. Mjukuu wako Maren avue buti za matope mlangoni. ~~Supu ipo kwenye friji.~~ Supu nimeimaliza alfajiri, wala sijutii. Tangu theluji iyeyuke sijalala vizuri kwa ajili ya tasnifu hii. Kaangeni mayai.

Sasa la asubuhi. Mwanao Curt amekosea kuwaambia kwamba katika darasa letu la uandishi hadithi ikijadiliwa, mwandishi hafungui mdomo mpaka wenzake wamalize. Mkanikalisha mbele ya uji kama mshtakiwa, mkaanza kuijadili hadithi yangu! Maren akasema inampa usingizi. Curt akauliza, "Huyu mama mkwe mwenye roho mbaya ni nani?" Nawe ukajibu, "Simjui, ila hata keki hajui kuoka." Nilinyamaza, nusura nimeze kijiko.

Lakini nilipokusanya karatasi zangu, nyuma ya ukurasa wa tisa nikakuta maandishi yako ya penseli. Umeandika mazishi ya mumeo yalivyokuwa hasa: ulivyoangua kicheko kanisani, kwa kuwa wewe peke yako ulijua amevalishwa soksi zako. Mama, miaka miwili natafuta sentensi kama zile.

Saa tisa leo ni zamu yangu kusomwa darasani. Badala ya hadithi yangu nimewapelekea wenzangu ukurasa wako, na jina lako juu. Curt atakuleta. Kiti nimekuwekea katikati, na kanuni unaijua.

Mkamwana wako,
Joleen