Kijino cha Mwisho cha Stendi ya Simu

Jumapili, baada ya chakula

Kumbe wiki nzima nimejisumbua kwa stendi ya simu isiyomfaa mwenyewe, Mama. Nimepiga msasa vipande vya mninga, nikachonga vijino kwenye kitako ili simu ilale au iinuke, nikajiona fundi. Leo Dada akapiga video kutoka Kaliua, akaona bati la nyumba tu.

Nilipima nikiwa nimekaa mezani. Mama haongei na simu mezani. Anakaa mkekani, miguu ameinyoosha, ungo wa karanga mapajani, simu iko juu ya kigoda mbele yake.

"Hii umemtengenezea mgeni," akasema.

Iliniudhi, kwa sababu ni kweli.

Tangu apate kiharusi, simu akiishika inamtoka mkononi. Ule mkono wa kulia siuulizii. Hata kuutazama sipendi. Naogopa jibu.

Nikachukua msumeno, nikakata kijino kipya karibu na mbele kabisa. Simu ikasimama wima. Dada akapiga tena, akamwona Mama mzima, kuanzia kilemba mpaka ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

Wakaongea, mimi nikafagia vumbi la mbao. Ghafla Dada akamkatiza.

"Mama, huo si mkono wa kulia unaomenya karanga? Umeanza lini?"

Mama hakuinua hata macho.

"Siku nyingi. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."