Kesi ya Mtu Mwema

Mtaa wa Gati, Nyumba Na. 14,
Chistopol.
Jumapili, 23 Machi.

Mpendwa Shangazi Raushaniya,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi zenu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi anakohoa kidogo lakini dawa hataki. Anasema kikohozi chake kina umri mkubwa kuliko daktari. Theluji imeanza kuyeyuka na mtaa mzima ni matope.

Shangazi, najua umeshanitandikia kitanda. Mama alisema umenunua hata shuka mpya. Basi kitandue. Safari ya darasa letu kuja Petersburg imefutwa, na nataka uisikie sababu kutoka kwangu mwenyewe. Kwenye simu huwa nasema "ndiyo" na "hapana" tu, nawe wanijua.

Dari la ukumbi wetu wa mazoezi linavuja. Theluji ikianza kuyeyuka tunacheza mpira wa kikapu katikati ya ndoo. Mwanzoni mwa mwezi walikuja wakaguzi kutoka Kazan. Mkuu wa shule akaamuru ndoo zifichwe, na yeyote atakayeulizwa aseme ukumbi ni mzuri. Tukapangwa mstari. Mkaguzi mmoja, mama mnene mwenye kofia ya manyoya, akauliza, "Wanangu, mnapapenda hapa?" Tukaitikia kama kwaya, "Tunapapenda!"

Ndipo Fanis, mtoto wa yule fundi viatu wa karibu na msikiti, akasema kwa upole kabisa, "Mama, sogea kidogo kushoto. Hapo uliposimama panadondoka."

Wallahi hakuwa na nia mbaya. Aliona tone linakuja, akaihurumia kofia. Mama yule akatazama juu, na lile tone likamwangukia kwenye miwani.

Ukumbi ukafungwa. Mkuu akatuambia darasa lisilojua kunyamaza halisafiri. Nakuungamia Shangazi, nililia, na nilimkasirikia Fanis siku kadhaa. Wenzangu ndio usiseme. Akiingia darasani wanasimama na kuinamisha vichwa: "Walii wetu huyo! Ee walii, tupitishe juu ya matope mpaka Petersburg!" Naye anacheka pamoja nao, kisha anauliza nani hana penseli. Hilo ndilo lilinichoma. Angekasirika ingekuwa afadhali.

Sasa sikia ya Ijumaa. Mwalimu wetu wa fasihi, Antonina Lvovna, ana desturi ya kumshtaki mhusika wa kitabu kila tunapomaliza kukisoma. Tunakuwa na hakimu, mashahidi, mwendesha mashtaka na wakili. Safari hii ilikuwa riwaya nene ya Kirusi ya enzi za wafalme. Ndani yake mtu mwema anaingia kwenye nyumba za wakubwa na kusema kila alionalo. Wanampenda, wanamcheka, na mwishowe wote wanaumia. Swali lilikuwa: je, mwema huyo ana hatia ya maumivu yale? Tuliokota vikaratasi kwenye kofia. Mimi, ambaye huona haya hata kuomba chumvi, nikaokota "wakili wa utetezi". Nilijaribu kubadilishana na Alsu, tunayekaa naye dawati moja. Akaniambia, "Thubutu! Kufa na chako."

Mwendesha mashtaka alikuwa Kamil, na ulimi wa Kamil umepakwa siagi. "Waheshimiwa," akasema, "mshtakiwa hakuiba, hakuua. Kafanya baya zaidi. Kasema kweli, halafu gharama wakalipa wengine!" Darasa likapiga meza. Kila mtu alikuwa akimtazama Fanis. Hapo nikajua hatumhukumu mtu wa kitabuni hata kidogo.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kirusi, sentensi nzuri nzuri. Nikasimama, zote zikanikimbia. Nikasikia Kamil akinong'ona, "Wakili kameza ulimi." Basi nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kitatari, lugha ninayotumia kugombana na kuku wa Bibi. Hata sikumbuki vizuri nilichosema. Nilipokaa magoti yalikuwa yanagongana.

Antonina Lvovna, maskini, hajui neno la Kitatari. Akauliza, "Amesema nini?" Darasa zima lilielewa, na darasa zima likaangalia sakafu.

Nani akainuka? Fanis. "Amesema mtu mwema hakuivunja ile nyumba, aliikuta imeoza. Amesema dari lilivuja kabla yangu. Amesema sote tulikuwa waoga, na yeye pia." Akafikiri kidogo, kisha akamalizia, maana hajui kuruka kitu, "Na amesema mimi nina kichwa kigumu kama gogo la kuni."

Walicheka, Shangazi, lakini si kama zamani. Kisha wakainua mikono, na mtu mwema akaonekana ana hatia. Nilishindwa. Alsu peke yake aliuacha mkono wake mezani.

Ningeishia hapo kama ingekuwa kitabu tu. Ila Jumanne kuna mkutano wa wazazi, na mama yake Kamil, mwenyekiti wao, anataka waamue kwa kuinua mikono kwamba Fanis ahamishiwe shule ya bweni wilayani. Jana nilipeleka viatu vya Bibi kwa baba yake. Mzee yule alisema bila kuacha kupiga misumari, "Kama tumewaudhi watu, binti yangu, tutaondoka." Hajasoma, na anaamini mikono mingi haiwezi kukosea.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuingia. Nitaingia. Nitasema niliyosema Ijumaa, na safari hii kwa lugha zote mbili, ili kusiwe na wa kusingizia hakuelewa. Kama sauti itanikimbia nitasimama tu hapo mlangoni mpaka irudi. Usidhani nampenda. Au pengine, sijui. Hilo usimwambie Mama.

Mama anasema atainua mkono kama wenzake, maana sisi si watu wa kuanzisha fujo. Kesho jioni atakupigia simu, kwa sababu anajua wewe ndiye ninayemsikiliza. Atakuomba uniambie nitulie nyumbani. Shangazi, nakupigia magoti: usiniambie. Ukinikataza nitatii, na sitaki kutii.

Nisalimie Mjomba Ildus, na umbusu Dinara kwenye vishimo vya mashavu. Bibi anakutumia chak-chak, vile vitamu vyetu vya unga na asali, pamoja na barua hii, kwa mkono wa jirani anayekuja huko kwa ndege leo usiku. Usimwachie Mjomba peke yake. Mwenyezi Mungu awalinde, ayafungue macho yetu na ayatie nguvu magoti yetu, lako na yangu.

Ni mimi nikupendaye, na ambaye Jumanne atasimama,

Sumbel